Shati la Kanisani

Eliza mjukuu wangu,

Huku Iyula tupo, kahawa imeiva, babu yako bado anakohoa. Umeniuliza usali kwa ajili ya nini tena, na mwanao mmeshamzika. Wanaokujibu upesi, waache waongee.

Nilipokuwa msichana, kifusi kilimfunika kaka yangu kwenye shimo la dhahabu kule Saza. Alikuwa ameshuka kifua wazi, kama wenzake. Walishindwa kumfikia, wakaamua kulifukia shimo. Mama akaja na shati la kaka la kanisani, limepigwa pasi, akalitupa ndani. Shangazi akamgombeza, “Shati zuri hivyo, la nini huko?”

Mama alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, lakini tulimsikia.

“Bwana akimwita siku ile, atoke amevaa.”

Bibi yako