Kizibao cha Rangi ya Chungwa

Ranchi ya Larkhaven
9 Juni

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Baba, na kwamba goti lake limempa nafasi ya kukata majani. Mimi sijambo. Nimefika salama, nimepewa kitanda cha karibu na dirisha, na chakula ni kingi.

Simu yangu Papa Royce, mkuu wetu hapa, ameifungia ofisini pamoja na za walezi wengine. Anasema wasichana hawataachana na zao wakituona sisi tunachezea zetu. Kwa hiyo nitaandika. Bi Lorna, dobi wa huko kwetu, hupanda huku na gari lake kuchukua mashuka, na yeye ndiye posta yetu.

Wasichana wameletwa na wazazi wao kutoka miji ya mbali kwa sababu walitoroka nyumbani, au walivuta bangi, au walikuwa wajeuri tu. Wengine wananizidi kimo. Mmoja aliniuliza, "Dada, wewe ni mlezi au umeletwa kama sisi?" Wote wakacheka. Nikajifanya nakunja mashuka, unanijua.

Dada Verna, kiongozi wetu, amenifundisha desturi za hapa. Msichana akikosea anavikwa kizibao cha rangi ya chungwa, na akiwa nacho hasemi na mtu wala mtu hasemi naye. Halafu kuna kugeuka. Msichana akianza kulalamika, kichwa kinauma, tumbo linauma, nataka kwetu, unamgeuzia mgongo na kungoja anyamaze. Verna anasema wamezoea kuwachezea watu wazima kwa malalamiko, na kila anayewasikiliza anaulisha uongo wao. Nilimwuliza, je, kama anaumwa kweli? Akasema, "Anayeumwa kweli halalamiki, mpenzi."

Sijui. Yeye amekaa hapa miaka mingi.

Msalimie Baba, na mbwa.

Mwanao,
Maren


Pell
15 Juni

Mwanangu Maren,

Barua yako imefika nasi tu wazima. Goti la baba yako linamsumbua lakini ulimi wake haujambo. Asubuhi yote amegombana na trekta. Mbwa bado analala mlangoni pa chumba chako.

Nimefurahi umepata pa kulala pazuri. Sasa nikuombe kitu: usirudi kabla kazi haijaisha Agosti. Kwaya uliiacha kwa sababu walikutaka usimame mbele. Dukani kwa Bwana Sorley uliacha siku ya pili kwa sababu mteja alikupigia kelele. Sikulaumu, ulizaliwa hivyo. Lakini chuo cha ualimu kitamchukuaje msichana anayekimbia watu? Papa Royce akikuandikia neno zuri, watakupokea. Alipokuja kuzungumza kanisani wakati wa theluji, ukumbi mzima ulilia, hata Bwana Sorley. Mtu wa namna ile anajua anachokifanya. Wewe fuata wanavyokuelekeza, na usijifanye una maswali kuliko wenye kazi yao.

Nimempa Bi Lorna soksi na mkate wa ndizi. Usiugawe wote.

Mama yako


Larkhaven
24 Juni

Mama mpendwa,

Habari za nyumbani? Baba anatembeaje? Mkate ulifika, na niliugawa wote, nisamehe.

Hutaamini: hapa nasifiwa. Papa Royce alinisimamisha mbele ya walezi akasema, "Mtazameni binti huyu. Hapayuki, habembelezi, hana maneno. Amezaliwa kwa kazi hii." Sijawahi kusifiwa kwa kunyamaza, Mama. Wasichana nao wameniita Jiwe. Nikipita wanasema, "Shikeni adabu, Jiwe linapita."

Amekuja msichana mpya, Bryony, wa miaka kumi na minne, mwembamba, ana maneno mengi. Alipopewa uji wa shayiri alimwuliza mpishi, "Huu umeupika au umeuchota barabarani?" Hata Verna alicheka.

Kosa lake ni maji. Anakunywa, anaomba kwenda chooni, anarudi, anaomba maji tena. Verna anasema ni mbinu ya kukwepa kazi za zizini. Juzi wakamkuta ameinama kwenye hori la farasi, anakunywa humo. Sasa amevikwa chungwa, na maji yake yanapimwa kwa kikombe. Mimi ndiye niliyepewa kukaa naye, kwa kuwa sisemi.

Jana tulikuwa tunachambua maharage. Akaninong'oneza, "Wewe Jiwe. Najua unanisikia. Una masikio makubwa." Nikageuka kama nilivyofundishwa. "Mgongo wako nao mzuri," akasema. "Una huruma kuliko uso wako." Nilijiuma mdomo nisicheke. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Kiu hii si ya kawaida, Dada Maren." Hakuna msichana mwingine anayeniita kwa jina langu.

Nilibaki nimegeuka. Nilifanya vizuri, sivyo?

Mwanao,
Maren


Pell
1 Julai

Mwanangu,

Tunakusalimu sana. Huku mvua imenyesha kidogo na majani yote yako ndani, kwa hiyo baba yako anatafuta kitu kingine cha kunung'unikia. Nimewasomea wanawake wa kanisani pale Papa Royce alipokusifu. Nilijiona nimeongezeka kimo.

Lakini bahasha yako ilikuwa imefunguliwa ikabandikwa upya kwa gundi. Bi Lorna anasema siku hizi barua anakabidhiwa ofisini, si mikononi mwenu. Labda ndivyo wanavyowalinda wasichana.

Baba yako alipomaliza kusikiliza barua aliuliza, "Tangu lini maji yakawa adhabu?" Nikamwambia wao wana uzoefu na watoto wa namna hiyo. Akaguna akatoka nje. Mimi nami sijalala vizuri. Niambie huyo mtoto anaendeleaje.

Mama yako


Larkhaven
6 Julai

Mama,

Mimi ni mzima na kazi inaendelea vizuri. Wasichana wote wana afya njema. Msichana niliyekuandikia habari zake ameanza kujirekebisha. Naomba radhi kwa kukutia wasiwasi. Nilikuwa mgeni na sikuelewa mambo. Papa Royce anakusalimu.

Maren Tollefson


Pell
10 Julai

Maren,

Nani ameniandikia barua ile? Hukuuliza goti la baba yako. Hukuniita mpendwa. Umeweka na jina la ukoo, kana kwamba mimi ni benki.

Nimepiga simu ofisini kwenu. Papa Royce alicheka vizuri sana, akasema mko milimani na farasi. Nikamwuliza yule mtoto wa maji hajambo? Akasema polepole, "Mama Maren, usijisumbue na mtoto wa watu."

Barua hii nampa Bi Lorna aifiche ndani ya mashuka akupe mkononi. Ukiweza, andika kweli. Usipoweza, mwambie yeye kwa mdomo kama uko salama.

Mama yako anayekuwaza


Larkhaven
12 Julai

Mama mpendwa,

Goti la Baba linaendeleaje? Nimekaa chumba cha mashuka, Bi Lorna amesimama mlangoni, naandika haraka.

Barua ile Verna aliisema, mimi nikaiandika neno kwa neno. Walikuwa wamesoma yako.

Bryony hasimami tena. Amekonda mpaka kizibao kinampwaya kama gunia. Anatapika. Anapumua kwa nguvu kama mtu anayepanda mlima, naye amelala, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Verna anasema anajitapisha kwa kidole. Mimi ndiye ninayekaa naye, sijaona kidole. Nilimpa kikombe changu cha maji kwa siri. Akanywa, akaniambia, "Loo, Jiwe limetoa maji," akajaribu kucheka, akashindwa.

Nilikwenda kwa Papa Royce. Nilimwambia anaumwa, apelekwe hospitali. Hakukasirika. Alinishika bega. "Amekulisha uongo, binti, nawe umekula," akasema. "Wazazi wake walijaribu huruma mpaka wakakata tamaa. Rudi ukageuke." Nikasema ndiyo. Mama, nilirudi na nikageuka, kwa kuwa Verna alikuwa amesimama pale akiniangalia. Bryony aliniita kwa jina langu mpaka akachoka.

Kesho kwenye chai ya asubuhi, wote wakiwepo, nitasimama niseme. Naogopa sana. Kama nakosea, niambie. Kama sikosei, niombee.

Mwanao,
Maren


Pell
13 Julai, asubuhi

Mwanangu Maren,

Hii naiacha mezani, usije ukafika ukatukosa. Barua yako Bi Lorna ameisukuma chini ya mlango alfajiri, akirudi huko na mashuka safi.

Nimempigia muuguzi wa hospitali nikamsomea. Hakungoja nimalize. Amesema hiyo ni sukari, imempanda mtoto, na kila saa ni hatari. Gari lao la wagonjwa limekwenda kwenye ajali upande wa pili wa wilaya. Polisi wamesema watapita Jumatatu kuzungumza na Papa Royce, wanamfahamu, ni mtu mwema. Jumatatu! Baba yako ameshawasha gari. Tunapita njia ya mtoni.

Ukifika kabla yetu, funga mlango, usimfungulie mtu.

Nilikwambia usirudi. Nilikwambia usiulize. Nisamehe, mwanangu. Rudi.

Mama yako


Nyumbani
13 Julai, alasiri

Mama mpendwa, Baba mpendwa,

Naandika nyuma ya barua yenu. Natumaini mko salama huko mliko. Tumepishana, sisi tulishuka kwa njia ya mgodini. Simu ya Mama naipiga haishiki.

Nilisimama kwenye chai. Nilisema, "Bryony anakufa mle ndani, na sisi tunamwona." Verna aligonga kijiko mezani, akageuka. Walezi wakageuka. Kisha wasichana wakageuka, hata wadogo waliokuwa wanalia. Papa Royce alikuwa wa mwisho, na kabla ya kugeuka alinitabasamia. Nikabaki na migongo. Nikataka kukaa chini.

Bi Lorna alikuwa anaingia na mashuka. Yeye desturi zetu hazijui. Aliitazama ile migongo yote, akaniuliza kwa sauti, "Hawa wanatazama nini ukutani? Mtoto yuko wapi?"

Nikampeleka. Tulimbeba kwenye shuka, mimi miguuni, yeye kichwani. Verna alitufuata mpaka kwenye gari, akisema, "Ukitoka na huyo, Maren, usirudi hapa." Bi Lorna akamjibu, "Nani amekwambia anataka kurudi? Sogea nisikukanyage." Njia nzima nilimsemesha Bryony. Nilimwambia habari zenu, na za mbwa, na za kwaya. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo. Hakunijibu.

Yuko hospitali. Ni sukari, kama muuguzi alivyosema. Hajaamka, na daktari hasemi kwamba ataamka. Aliniuliza amekuwa hivi tangu lini, nikasema tangu Juni. Hapo Papa Royce akaingia, shati safi, mkononi karatasi iliyosainiwa na wazazi wa Bryony kumpa mamlaka juu yake. Akasema Bryony ameugua jana tu. Akasema mimi ni mtoto mwema lakini naogopa watu na nimechanganyikiwa. Aliyasema kwa upole hata mimi nikajishuku. Daktari alitutazama wote wawili, akasema mama yake Bryony yuko kwenye ndege, atazungumza naye akifika. Bi Lorna amebaki kando ya kitanda. Mimi nikakimbia nyumbani kukuita, Mama, usimame nami.

Sasa gari la Papa Royce liko nje. Anagonga polepole. Ananiita binti. Anasema, "Nimekuja peke yangu. Hebu tuelewane mimi na wewe kabla mama wa mtoto hajafika. Wewe ndiye uliyekuwa unakaa naye kila siku, umelisahau hilo? Wataanza na wewe." Mbwa amesimama kando yangu, manyoya yamemsimama.

Sijalisahau. Mlango sifungui, kama ulivyoniambia, lakini siwezi kukaa humu. Yule mama akifika akamkuta Papa Royce kwanza, ataamini kwamba ni jana tu. Nataka anikute mimi. Nitamwambia tangu Juni, na nitamwambia ni nani aliyekuwa amemgeuzia mwanawe mgongo, hata kama atanipiga.

Natoka kwa mlango wa jikoni, napita shamba la Bwana Sorley mpaka hospitali. Nifuateni huko.

Ameacha kugonga. Gari lake sijalisikia likiondoka.

Mwanenu,
Maren