Nukta Tatu za Katikati

Kisimayu, Alhamisi, 9 Mfungo Tano, baada ya magharibi

Na mimi nilikuwa na hakika! Hilo ndilo linaloniuma.

Marehemu baba, aliyekuwa akiwagawia watu mirathi huko kisiwani Chovai, alinifunza namba: zinavyoshirikiana, yaani kigawanyo kikubwa cha zote, na zinavyounganishwa, yaani namba ndogo kabisa inayogawika kwa zote. Nikazoea kanuni moja. Namba moja inachoshiriki na mbili zilizoungana ni sawa na inavyoshiriki na kila moja ya hizo mbili, ukiviunganisha. Kwa namba haijawahi kunivunjikia. Nikamwandikia mwalimu Mtaliani kwamba inashika kila mahali.

Leo, na kesho ni mtihani, akachora ubaoni nukta tano: moja juu, tatu katikati, moja chini. Mbili zozote za katikati zikiungana zinafika juu, lakini zinachoshiriki ni ile ya chini tu, yaani si kitu.

"Jaribu hapa."

Nikajaribu. Nukta moja, ukiiweka na wenzake wawili walioungana, inabaki nzima. Ukiiweka na mmoja mmoja, haipati kitu. Kanuni yangu ikavunjika mbele ya darasa zima.

Nyumbani mama akaniona nimenuna, nikamchorea.

"Hawa wa katikati ndio nyinyi watatu," akasema. "Kila mmoja ana fungu lake katika nyumba ya baba yenu. Lakini mchu na mchu, mtu na nduguye, hata salamu hampeani."

Tangu tuigombee nyumba hii tunayokaa sote, kila mmoja chumbani mwake, sisemi na kaka zangu, Omari na Shee.

Naogopa kesho. Lakini mfano ule sina haja ya kuukariri. Nausikia ukikohoa upande wa pili wa ukuta.