Picha ya Thani Getini

Ansab, Maskati
20 Oktoba 2022

Thani, assalaam aleikum. Sie wazima, magoti tu yananiudhi. Wewe na hiyo baridi ya Denmark mwaendeleaje?

Picha yako ya kampeni binamu yako Majid kanifikishia. Nimeitundika getini. Jirani Balqis kaniuliza, "Thani anagombea Baraza la Shura hapa Oman?" Nikamwambia fungua macho, hicho Kidenishi! Mjukuu wangu mbunge kwa Wazungu, kaanzia baraza la mji. Lakini nikuulize. Chama chenu cha Wahafidhina eti kinatunza mambo ya zamani. Mie nna miaka themanini, mbona hunitunzi? Miaka minne hujaja! Ukishinda, njoo nikupikie.

Bibi yako, Masouda

Aarhus
6 Novemba 2022

Shikamoo Bibi. Mimi mzima wa mwili. Magoti unayakanda?

Nimeshindwa, Bibi. Kiti kimekwenda. Huku sheria inataka kila mgombea aondoe picha zake nguzoni ndani ya siku nane. Jana nimepanda ngazi mwenyewe, nashusha uso wangu nguzo moja baada ya nyingine, watu wanapita na baiskeli. Mzee mmoja kasimama, kaniambia asante. Nikatamani ardhi inimeze.

Na hiyo ya getini ishushe. Kuja sitoweza. Nitawatazama vipi watu?

Mjukuu wako, Thani

Ansab
15 Novemba 2022

Marahaba. Magoti yale yale, usinizungushe.

Haya ya nini? Umeiba? Mtu kakwambia asante, wewe umesikia tusi! Mie nashukuru kuliko huyo mzee. Barazani uliwapigania vikongwe wapelekewe chakula cha moto majumbani, nikatamba mtaa mzima. Bungeni ukasimama ukasema, nikakutazama kwenye simu, sikufahamu neno, nikalia. Leo umetoka na jina lako safi. Nimesali rakaa mbili za shukrani.

Picha siishushi. Si ndiyo sheria yenu, mwenye uso ashushe mwenyewe? Ngazi ipo. Njoo.

Bibi yako

Ansab
9 Januari 2023

Thani, umefika salama? Ile mikate ya kumimina umeila, au umewagawia watu kwenye ndege?

Ahsante, mwanangu. Ulipopanda ngazi kuishusha picha, Balqis akapiga vigelegele, nawe ukacheka huko juu kama zamani. Hicho kicheko ndicho nilichokuwa nakitaka.

Sasa usinikasirikie. Ulipotoka tu kwenda uwanja wa ndege, nilimwita Majid kaitundika tena, ukumbini, juu kabisa.

Idi njoo uishushe.

Bibi yako, Masouda