Safari ya Tembo Bila Wakala

Mke wangu Bibi Asteria,

Usianze kuninunia huko kaburini kwamba mumeo mdogo amekusahau. Nilikuwa na shughuli. Aliyenishika ni mume mwenzangu, Babu, na hapa ninapokuandikia bado nina vumbi la Mikumi masikioni.

Tangu tukuzike, Babu alikuwa hashuki mlimani. Alikaa tu kibarazani hapa Mgeta, anayatazama matuta ya kabichi. Kumbe hayaoni vizuri. Presha ya macho, Bibi. Daktari wa mjini alisema dawa italinda kilichobaki, ila kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki ni kidogo. Akamwambia Mama mdogo Felista pembeni, mimi nikiwa karibu kuliko walivyodhani: kama kuna kitu mzee anatamani kukiona, msichelewe.

Tukamuuliza Babu. Akasema, "Tembo."

Hebu fikiria. Wageni wanapanda ndege kuja kutazama mbuga iliyo chini ya mlima wetu, na yeye amezeeka hapa hapa bila kumwona tembo, labda yule wa kwenye kitenge chako. "Asteria naye alitaka," akaongeza. Mimi nikajifanya nina kazi nje.

Ukoo ukachanga. Karoti hazikuuzika vizuri msimu huu, kwa hiyo pesa ilikuwa ya safari moja. Ikiharibika hakuna ya pili, na macho hayangoji mavuno.

Mama mdogo unamjua, ualimu wa Gairo umemwingia mpaka kwenye mifupa, anataka kila kitu kiwe na muhuri. Akasema tumpe kazi wakala wa safari, yule kijana mwenye ofisi karibu na stendi, anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Nikaenda kumsikiliza. Gari lenye paa la kufunguka, chakula kwenye maboksi, mtu wa kuongoza. Halafu eti tushuke siku moja kabla, tulale jirani na lango, tuingie mbugani alfajiri. Nikaona hapo ndipo anapotunyoa. Nikamwambia, "Kaka, wewe ni dalali wa twiga. Twiga si wako, halafu unataka cha juu!"

Nikapanga mwenyewe. Mimi, Bibi! Mimi niliyeishia kidato cha pili, uliyesema akili ninayo ila haikai kwenye kiti. Gari aina ya Noah nikalipata kwa rafiki yangu Side, na yeye mwenyewe dereva. Ndizi na maharage tukapika nyumbani. Nikauliza mambo ya lango, nikajua sisi raia tunalipa nafuu tukiwa na vitambulisho, nikalipia kwa simu. Mama mdogo akatafuta pa kutia kalamu nyekundu, akapakosa. Akauliza moja tu: "Na hiyo alfajiri, Kizito?"

Nikamjibu kwa elimu ya mlimani. Mbuzi tu hatolewi zizini kabla ukungu haujapanda. Tembo, na mwili wake wote ule, aamke mapema aende wapi? Babu akacheka, akasema mtoto ana hoja. Na niambie wewe, Mluguru gani wa huku juu angebisha?

Tukasubiri ukungu upande. Tukateremka taratibu hadi Mlali, tukaishika barabara kuu, na tulipoingia langoni jua lilikuwa limetukalia utosini.

Bibi, kule chini si kwetu. Wanyama wa bondeni hutembea asubuhi kukiwa na ubaridi, jua likiwaka wanajificha vichakani. Tulizunguka mpaka shati likagandia kiti. Tukaona pundamilia kwa mbali. Yaani sisi tuliona pundamilia, Babu aliona vumbi.

"Wapo?" akauliza.

"Wapo, Babu."

"Upande gani?"

Nikamshika kidole, nikakielekeza. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mgeni aliyepakuliwa chakula asichokila. Nilitamani Mama mdogo anitukane. Hakunitukana. Alifunua hotpoti ya ndizi, akaifunika tena.

Jua likaanza kulala. Side ananong'ona habari za mafuta. Lango jioni hufungwa, huna wa kumbembeleza. Ndipo tukaona gari la paa wazi limeegeshwa chini ya mti wa mgunga, na juu ya gari ile miwani, na wageni wake.

Unajua mimi siombi. Hata chumvi ya jirani ulikuwa unamtuma dada. Nikamwambia Side asimame ubavuni.

"Ahaa, kampuni ya ukoo!" yule kijana akasema. "Mmeona nini leo?"

Uongo mzuri nilikuwa nao tayari, umeshafika kwenye ulimi. Kisha nikamsikia Babu nyuma yangu akimuuliza Mama mdogo, kwa sauti ya chini, kama tembo huwa wanahama.

Nikasema, "Kaka, hatujaona kitu. Babu yangu macho yanazimika. Anahitaji tembo wa karibu."

Akavua miwani. "Nifuateni. Zimeni redio. Nikiinua mkono, zima na injini, na mtu asishuke."

Tulimfuata hadi kwenye bwawa. Walikuwepo, Bibi, kundi zima, wanakunywa. Mkono ukainuka, Side akazima. Jike moja kubwa likaachana na wenzake, likaja njia yetu, likaja, likaja. Side kidole kwenye ufunguo. Mkono kule mbele bado uko juu: tulieni. Mama mdogo kashika rozari lakini midomo haisogei. Tembo akasimama kwenye dirisha la Babu, akatanua masikio, na mimi, shujaa wako, nilisahau kupumua.

Babu akavua kofia. Babu, ambaye kijiji kizima hakuna mkubwa aliyebaki wa yeye kumwamkia, akasema polepole, "Shikamoo."

Tembo akamtazama. Akakunja masikio, akaenda zake.

Babu akarudisha kofia kichwani. "Ana kope, Kizito. Ndefu. Nimeziona."

Safari nyingine, gari na ndizi nitapanga mimi, ila yule kijana nitamlipa kwa anachojua. Mama mdogo bado sijamwambia. Atafurahi mno.

Sasa lala, mke wangu. Babu usimwazie. Siku macho yatakapofunga kabisa, nitakaa naye kibarazani nimsimulie kila kinachopita, kilivyo, bila kukiongezea hata inchi. Unanijua ninavyotia chumvi. Hakuna ahadi ngumu kuliko hiyo niliyowahi kumpa mtu, na nimekupa wewe.

Mumeo mdogo,
Kizito