Tenga la Kufukizia Lililoficha Spika

Khalfan, ndugu yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na hali ya huko uliko sijui inaulizwa vipi, basi nitakupa yangu. Mimi mzima. Goti la kushoto linanisumbua nikishuka ngazi, na Maryam bado ananipikia mchuzi usio na chumvi kwa amri ya daktari. Zuwena wako ametoka eda wiki sita zilizopita. Anakula, anazungumza, ingawa amekonda, na wanawake wa darsa hawamwachi peke yake.

Nina jambo langu na wewe, zito, na nitalifikia. Lakini kwanza nikupe habari mbaya ndogo. Ile spika imeungua.

Usinune. Nisikilize kwanza, maana ulikuwa na tabia ya kununa kabla mtu hajamaliza.

Wewe ndiye uliyeyaanza yote haya. Miaka ya tisini ulipokwenda Unguja kwa mara ya kwanza tangu tuondoke, wenzio walirudi na karafuu na vikoi. Wewe ukarudi na kile kisanduku cha chuma kilichokuwa ukutani, kando ya meza yetu, katika mkahawa wa Mtendeni. Ulikikuta stoo kwa wajukuu wa mwenye mkahawa, kimejaa vumbi, vitufe vyake vya herufi na nambari vyote vipo, na kurasa za majina ya nyimbo bado zimo nyuma ya kioo. Tulipokuwa vijana wa skuli tulikuwa tunabonyeza pale pale tulipokaa na vikombe vyetu vya chai, na ile mashine kubwa ya santuri kule mlangoni inatii. Askari wa forodha uwanja wa ndege hapa Maskati akakuuliza kitu hiki kinafanya kazi gani. Ukamwambia hakifanyi kazi yoyote, kinaamrisha tu. Akakuachia upite, na mimi nilikwambia alidhani unamzungumzia Zuwena.

Kikakaa kabatini miaka, mpaka ulipostaafu ufundi wako wa simu wizarani. Ndipo ukakitundika sebuleni na kukiunganisha na mashine ya sidii uliyoificha kabatini, kila kitufe na wimbo wake. Kazi ya fundi wa simu kweli, sikukusifu wakati ule, nakusifu leo. Ikabaki sauti. Na wewe hukutaka spika za dukani, ulisema zinalia kama bati. Ulitaka ile ya karatasi uliyoitoa kwenye redio kuukuu, pana kama sahani ya kupakulia wali.

Zuwena akaikuta juu ya meza ya kulia. Akasema, "Mimi hiyo spika sitaki kuiona sebuleni kwangu." Akaenda zake jikoni. Kila Jumatatu wanawake wenzake huja pale kusoma, tukaona ana haki yake, wala hatukumwuliza neno la pili.

Ukaniletea mimi, kwa kuwa tangu niache ukarani nina randa na misumeno gerejini na sijui kukaa bure. Ukasema unataka kasha la spika ambalo mtu atalitazama na asilione. Tukabishana mwezi mzima. Mimi nikataka kulifanya kama sanduku la Kizanzibari lenye njumu za shaba, wewe ukasema kina shangazi watalikalia, na aliyenenepa zaidi atalikalia wa kwanza. Nikasema kabati la vitabu. Ukasema nyumba yako haina vitabu vya kutosha na watu watashtuka. Halafu Alhamisi moja ukafika mbio, hata gari hujaizima, umelipata: tenga la kufukizia nguo. Kila nyumba yetu inalo, limesimama pembeni na miguu yake minne na ubavu wa matundu, nguo hutandazwa juu, chetezo cha mkaa na udi huwekwa chini, na hakuna mgeni anayegusa tenga la watu. Na matundu yale yangetoa sauti. Nilikuonea wivu kwa wazo lile.

Tukalichora. Pana chini, jembamba juu, ubavu wote nakshi za kimia, matundu matundu kama wavu. Ndani, sanduku la mbao lililozibwa sawasawa, na spika tukailaza kifudifudi, inatazama chini, ili sauti ipige kwenye marumaru na kutawanyika chumba kizima. Hesabu zile zilikuwa zako. Mikono ilikuwa yangu. Na ile fahari ya kijinga ya mwisho ilikuwa yangu pia: lilipokwisha nikaona bado halijakuwa tenga hasa, nikachukua chetezo cha udongo, kipya, kikavu, nikakiweka chini yake. Pale pale chini ya karatasi ya spika. Nikarudi nyuma nikatazama, nikasema sasa hata fundi mwenyewe atadanganyika.

Nilikileta kitu kile nyumbani kwako ukiwa tayari umelazwa. Uliniambia kitandani, "Nikitoka tu, Said, tunaunga zile nyaya mbili." Zilibaki nyaya mbili tu. Hukutoka.

Kisha Zuwena akaingia eda, miezi minne na siku kumi, na mimi si maharimu wake, mlango ule kwangu ukawa umefungwa. Nilijua tenga limekaa sebuleni na kwamba hakuna anayelijua ni nini, kwa sababu siri yetu tuliilinda mpaka kwa wake zetu, kama watoto. Nikataka kumtuma Maryam akaseme. Lakini utaitajaje spika na nyimbo ndani ya nyumba ya msiba? Nikaona haya. Nikamwambia Maryam amwambie mwenzie kwamba kile kitu cha Khalfan pale pembeni asikichezee. Basi. Maryam akafikisha hivyo hivyo. Na Zuwena akaelewa kama angeelewa mtu yeyote: kitu cha marehemu kitunzwe.

Akakitunza. Siku alipotoka eda alikusanya kanzu zako zote za kutoa sadaka. Hakutaka zitoke na harufu ya kabati lililofungwa. Akazifua, akazipiga pasi, na akaona kwamba kanzu za mwenyewe zitafukizwa kwenye tenga la mwenyewe. Akawasha mkaa, akatia udi ule mzuri uliokuwa ukimnunulia, akaweka ndani ya chetezo changu, akatandaza kanzu yako ya Idi juu.

Udi haukuharibu kitu. Mkaa ndio ulioila spika. Aliposikia harufu ya karatasi na gundi akaiwahi kanzu, haikupata hata doa, na moto akauzima kwa maji ya udhu. Halafu akalitazama vizuri lile tenga kwa mara ya kwanza, akaona waya.

Maryam na mimi tulikwenda kesho yake. Zuwena hakuwa amelia mazikoni, wewe unamjua, alikuwa anahudumia watu. Siku ile alikuwa amekaa sakafuni karibu ya tenga, uso umemvimba. Akaniambia, "Shemegi, nimekiunguza kitu cha Khalfan, na wala sikijui ni kitu gani."

Nikamweleza. Kisanduku, spika, tenga, zile Alhamisi zote ulizokuja gerejini kwangu. Nikamweleza tuliyafanya yale kwa sababu yeye hakutaka kuiona spika. Akasema siku aliyoikataa spika wewe ulikuwa umemwaga skurubu juu ya meza yake ya chakula na wageni wako njiani, alikasirika, na kesho yake alikuwa ameshasahau. Hata kama ungeiweka katikati ya chumba, asingesema kitu. Halafu akasema neno moja tu.

"Mngeniuliza."

Khalfan, neno lile linanichoma mpaka leo. Miaka miwili tulimficha mtu ambaye hakuwa akitafuta. Ungeiweka spika yako juu ya stuli, ungebonyeza kitufe, ungezisikia nyimbo zako jioni ile ile, na ungezisikia kila siku mpaka mwisho.

Na sasa nafikia jambo langu.

Miaka miwili haikuwa ya tenga. Unakumbuka ubavu wa tatu wa kimia, ule uliovunjika, ukaja ukakuta vipande na ukanipa pole? Haukuvunjika. Niliuvunja mimi, kwa goti hili hili linaloniuma. Ule wa kwanza ulikuwa mzuri. Na gundi niliyokwambia haishiki kwa sababu ya joto la huku kwangu Al Amerat, ilishika siku ya kwanza, nikaibandua. Mbao nilizosema nangoja zikauke zilikuwa kavu tangu dukani. Wewe ulikuwa ukinitania, ukisema kawia ufike, na mimi nikicheka.

Nilikuwa nakuibia Alhamisi. Tangu tustaafu nilikuwa sina pa kwenda, na wewe ulikuwa unavuka bonde la Wadi Adai kila wiki na mfuko wako wa mikate ya ufuta kuja kutazama kazi imefika wapi. Niliogopa ikimalizika hutakuwa na sababu ya kuja. Mtu mzima, nina wajukuu, na nilishindwa kukwambia njoo tu, Khalfan, njoo tukae. Nilihisi ni maneno ya kitoto. Nikaona bora nivunje mbao.

Hata ulipoanza kuchoka, ulipokuwa unakaa kwenye kiti badala ya kusimama karibu na meza ya kazi, niliona. Nilijiambia ni umri. Nikaanza kufanya haraka ulipolazwa, na ikawa nimechelewa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, na mimi nilikungojesha kwa makusudi, nikiyala matunda ya kungoja kwako.

Siku ya maziko, imamu alipouliza nani ana haki anayoidai kwako, nilikuwa safu ya mbele. Nikajibu pamoja na wote kwamba tumekusamehe. Hakuna aliyegeuka kuniuliza mimi kama wewe una haki unayonidai. Nilisimama pale na mikono imefungwa na nikajua jibu.

Basi siku ile, mbele ya Maryam, nilimwambia Zuwena haya yote kama ninavyokwambia wewe. Ubavu, gundi, mbao kavu. Maryam akainamisha kichwa kwa aibu yangu. Nikamwomba Zuwena radhi. Akaikunja kanzu yako akaiweka mapajani, akailainisha kwa kiganja.

"Langu nimekusamehe, shemegi," akasema. "Lake siwezi kulisamehe mimi. Hilo mwombe mwenyewe."

Sikutegemea aseme vile. Nilidhani atanipa yote kwa mkono mmoja, kama watu wanavyofanya msibani, na nikarudi nyumbani nimenuna kidogo, nakiri. Njiani Maryam akaniambia mwenzie amesema kweli. Nikatazama barabara.

Spika nimeipeleka kwa fundi mmoja wa Ruwi, Mhindi mzee, ameivika karatasi mpya. Nyaya zako mbili nimeziunga mwenyewe, kwa kufuata uzi mwekundu na wa kijani uliozifunga, maana ulijua sitajua. Imelia, Khalfan. Inalia vizuri kuliko nilivyostahili. Zuwena alibonyeza kitufe cha kwanza kilichomjia kidoleni, ikatoka taarabu ya kinanda cha kanuni na fidla, akasimama akaisikiliza mpaka mwisho. Sasa huwasha asubuhi anapopika. Wanawake wa darsa wameambiwa, na mmoja wao, sikutajii, amemwomba namba ya wimbo fulani. Ukutani kumebandikwa karatasi kwa mwandiko wa Zuwena: hapa moto hauwekwi.

Halafu akaniomba kitu. Alisema kwa kuwa lile ni la Khalfan na lina kazi yake, yeye hana tenga la nguo zake, na mie fundi. Akasema hana haraka.

Nilikwenda gerejini kesho yake, baada ya chai. Nakshi zile zile za kimia, miguu ile ile minne, ila bila sanduku ndani. Hakuna aliyekuja kutazama kazi imefika wapi. Hakuna wa kunikosoa, hakuna mikate ya ufuta. Nilipiga randa, nikakata, nikaunga, gundi ikashika, nikapitisha msasa, nikapaka mafuta.

Siku mbili, Khalfan. Lilichukua siku mbili.

Nilipolimaliza nilikaa chini juu ya vumbi la mbao na nikalia kwa sauti, mpaka Maryam akaja mlangoni, akanitazama, akarudi ndani bila kuniuliza.

Nisamehe, ndugu yangu. Najua hunijibu. Nitaendelea kukuomba, na kila Alhamisi nitakuja kaburini kwako nikusomee. Sitaleta randa wala mbao, wala sababu yoyote ya kuja. Nitakuja tu tukae. Mola akupe nuru huko ulipo na akupanulie mahali pako, mpaka anipe na mimi zamu yangu.

Wako,
Said