Moto na Mazishi

Nyumba ya Juu,
Oginosawa.
9 Februari

Mpendwa mwanangu Yasunori,

Hujambo, mwanangu? Chinatsu mkeo hajambo? Na yule Kozue wenu, meno ya mbele yameshaota, au bado anacheka kwa pengo? Mimi mama yako mkubwa sijambo, kwa kiasi cha mtu aliyekula chumvi ya miaka themanini na moja. Magoti yanauma, sikio la kushoto limekwisha kazi, lakini ulimi bado mzima, kama utakavyoona.

Theluji mwaka huu haina haya. Imefika paani, na juzi ilibidi nitokee dirisha la juu kama mwizi. Tumebaki nyumba tisa tu. Figili zangu za chumvi zimekolea vizuri, nimekuwekea mtungi mmoja, ingawa ukimaliza kusoma barua hii huenda usiutake.

Vitabu vyako nimevisoma vyote kumi na vitatu, kwa miwani na kioo cha kukuzia juu yake. Usicheke. Huyo Bwana Akitsune wako, mtoto wa kabaila aliyefukuzwa na baba yake akatupwa kwenye kijiji cha mwisho wa dunia, nimempenda. Akinyoosha mkono, maji yanatoka mwambani. Akipiga mguu chini, mashamba yanajipanga ngazi kwa ngazi mlimani. Wale mabinti wenye masikio ya paka sijaelewa wanafanya nini pale, lakini haya, mwandishi ni wewe. Na yule bibi wa mitishamba, mnene, mwenye huruma, anayempikia kila mgonjwa uji, nilijitambua mara moja. Kwa unene umenionea. Huruma umenizidishia.

Sasa nikwambie kwa nini naandika. Wiki iliyopita alikuja kijana wa ofisi ya wilaya, Sonobe jina lake, akaingiza miguu chini ya meza yangu yenye jiko na blanketi, akala figili zangu nusu bakuli. Ati watu wa mijini wanauliza kijiji cha Bwana Akitsune kiko wapi. Kwa hiyo theluji ikiyeyuka watasimamisha sanamu yake pale mferejini, na wewe uje uifunue.

“Bibi, mwandikie barua tamu,” akaniambia huku anatafuna. “Mwambie Mzee Genzaburo mwenyewe ndiye atakayempa maua. Na tungeomba aseme maneno machache ya shukrani, kuhusu ule moto wa kitabu cha nne.”

“Shukrani kwa nani?”

“Kwa kijiji, Bibi. Si ndio nyinyi mliokuja kuuzima?”

Nikamwambia ale figili anyamaze. Lakini karatasi aliyoniletea niliichukua, na ndiyo hii.

Kitabu cha nne nimekisoma mara tatu. Ghala la Bwana Akitsune linashika moto, kengele inalia, wanakijiji wanakuja mbio na ndoo, wanauzima. Halafu watu hao hao wanamchukua mkewe mgonjwa, aliyelazwa kwenye kigari cha kuteleza juu ya theluji, wanamvuta hadi kwa tabibu, naye anapona. Wewe ulikuwa na miaka sita ulipouona moto wa kwenu kutoka dirishani. Kumbukumbu yako ni nzuri mpaka pale kwenye ndoo. Kuanzia hapo umetunga, na nadhani hata hujui kwamba umetunga. Baba yako hakukuambia, akafa nalo moyoni. Basi nitakwambia mimi, maana nilikuwepo.

Kwamba Akitsune ni baba yako Hisamitsu, hilo unalijua. Mtoto wa nyumba kubwa ya watengeneza sake, pombe ya mchele, huko Kyoto, akafukuzwa kwao kwa kumpenda mdogo wangu Shizue, aliyekuwa mtumishi jikoni mwao. Walikuja huku na mabegi mawili. Mikono yake ilikuwa laini kama tofu, tukamcheka mwaka mzima. Alipochoka kuchekwa akaanza kuchimba mfereji.

Hakunyoosha mkono maji yakatoka, mwanangu. Alichimba miaka mitano kwa sururu, mama yako akibeba mawe kwa tenga mgongoni, wewe ukicheza matopeni. Mfereji ulipokamilika akafungua mlango wa maji. Akafungua tu, hivyo hivyo. Kosa lake ndilo hilo. Huku kwetu maji huyagusi kabla hujapita nyumba kwa nyumba na chupa ya sake, ukainama kwa kila mwenye nyumba, ukianza na mkuu wa kijiji, na kusubiri aseme haya. Shizue alimwambia. Yeye akajibu kwamba mtu haombi ruhusa ya kutoa zawadi. Kiburi cha nyumba kubwa hicho, miaka mitano ya sururu haikukiondoa.

Mpunga wetu ukazaa maradufu mwaka ule ule, wa Genzaburo kuliko wa wote. Lakini shukrani ya punda ni mateke. Baada ya mavuno tuliitwa hekaluni, na Genzaburo, aliyekuwa mkuu wa kijiji wakati ule, akatangaza kwamba nyumba ya Hisamitsu imetengwa. Majirani hufanyiana mambo kumi: harusi, uzazi, ugonjwa, ujenzi, safari, na mengine unayoyajua. Manane yamekatwa. Yamebaki mawili tu, moto na mazishi, kwa sababu moto huruka ukashika kwa jirani, na maiti huoza. Aliuliza kama kuna mwenye neno. Sikuwa na neno. Maji ya mfereji tuliendelea kuyatumia.

Februari ikaja, Shizue akashikwa na kichomi. Njia ya kuteremka mjini ilikuwa imezikwa na theluji, na kumfikisha mgonjwa zahanati kulitaka wanaume sita wa kutangulia kukanyaga njia na wawili wa kuvuta. Simu ilikuwa moja, nyumbani kwa Genzaburo. Safari hii baba yako alipita nyumba kwa nyumba, akainama kwenye kila mlango. Hakuna uliofunguliwa. Kwangu alibisha wa mwisho.

“Shemeji, ni Shizue. Hapumui vizuri. Shemeji, nakuomba.”

Mume wangu akanikamata mkono. “Ukifungua, kesho na sisi tumetengwa,” akaninong’oneza. “Una watoto watatu, Fusae. Wahesabu kwanza.”

Nikawahesabu. Sikufungua. Nilimsikia anahema nyuma ya mlango muda mrefu, halafu nikasikia hatua zake zikienda.

Kesho yake Jumanne, saa sita mchana, alichoma ghala lake kwa mkono wake mwenyewe. Nakwambia, alikuwa na akili baba yako. Ugonjwa hautuleti, moto unatuleta. Kengele ikalia, tukaja wote, watu thelathini na wawili, na kazi tuliifanya barabara, theluji na ndoo, theluji na ndoo, hadi nusu ya ghala ikaokoka. Tulipogeuka, kigari kilikuwa tayari mlangoni. Shizue amelazwa juu yake, amefungwa mablanketi. Baba yako amepiga magoti kando yake, paji la uso ndani ya theluji, yule mtoto wa Kyoto asiyejua kuinama.

Genzaburo akamtazama. Akatazama ghala.

“Moto umezimika,” akasema. “Twendeni.”

Tukaenda. Uchochoro wa theluji ulikuwa mwembamba, ilibidi tupite kando ya kigari mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika mdogo wangu akanishika upindo wa nguo. “Dada,” akasema, na akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo uliloliona dirishani ukaliandika. Alidhani nimekuja kumchukua. Mkono wangu mmoja ulikuwa na ndoo tupu. Wa pili haukuwa na kitu, Yasunori, na kwa mkono huo nikaviondoa vidole vyake, kimoja kimoja, nikapita.

Alikufa Jumatano alfajiri. Alhamisi tulikuja tena wote, tumevaa nguo nyeusi, maana mazishi yamo kwenye yale mawili. Wanawake wakapika, mimi nikamwosha. Wanaume sita wakatangulia kukanyaga theluji, wawili wakavuta jeneza juu ya kigari kile kile, tukateremka hadi kwenye tanuru la kuchomea maiti la mjini, na majivu tukayarudisha kuzikwa huku. Kwa mwendo wa saa tatu tu tulifika mjini. Tulipita mbele ya zahanati, daktari akatoka nje akainamisha kichwa. Njia ile ile iliyotushinda Jumanne.

Juzi nilimwuliza Genzaburo kama huwa anaikumbuka siku ile. Ana miaka tisini na minne, anakunywa mchuzi kwa mrija, lakini alinijibu haraka. “Moto tuliuzima, maiti tuliizika. Alitudai nini tena?” Huyo ndiye atakayekupa maua.

Basi nimekualika, kama nilivyoagizwa. Uje au usije, hilo ni lako. Ila ukija na ukasimama pale mferejini, usimshukuru mtu yeyote, na mimi usinitaje. Nimekaa miaka arobaini nikijiambia nilifanya vile kwa ajili ya watoto. Wote watatu wako Osaka, hata simu hawapigi. Nilifanya kwa woga, nikafanya vizuri.

Kwa hiyo nitenge, mwanangu. Nastahili. Barua hii usiijibu, simu usipige, na kitabu cha kumi na nne usinitumie, ijapokuwa ninatamani mno kujua kama Akitsune atarudi kwao. Kata manane yote. Moto siwashi, usiwe na wasiwasi. Lakini daktari amenipiga picha tumboni, na mavuno sitayaona. Lile la pili naliomba. Kigari kile ninacho, nimekihifadhi ghalani miaka yote hii, na kila kiangazi nakipaka mafuta. Ukipata habari zangu, njoo univute hadi mjini.

Nisalimie Chinatsu, na Kozue umbusu kwenye pengo lake. Kaburi la mama yako nalifagia theluji kila asubuhi, hata leo nimelifagia. Mungu wa mlima awaweke, na majirani zenu huko wafungue milango.

Mimi nikupendaye, ambaye sikufungua,
Mama yako mkubwa,
Fusae