Nyuki Ndani ya Redio za Kitengela

Kitengela,
Jumapili jioni.

Kwako dada Nekesa,

Nakusalimu wewe na shemeji, na mama kabla yenu nyote. Miguu yake imepungua kuvimba? Na mvua imewafikia, ama mnaangalia tu mawingu yakipita? Mimi mwili uko sawa. Kibaya cha huku ni upepo. Juzi ulichukua bati la choo chetu ukaliangusha Isinya, na watu wa huko wamekataa kulirudisha.

Kwa barua yako uliuliza kama niko na watu huku. Niko nao, dada. Fundi kama mimi atakosaje watu? Hata pundamilia hutoka mbugani kusimama nje ya kibanda changu nikijaribu redio. Taarifa ya habari ikiisha, wanaenda zao.

Wacha nikuambie kazi niliyofanya, umsomee mama polepole.

Kuna mzee mmoja mfugaji kutoka upande wa Kajiado, anaitwa Parsaloi. Aliniletea redio yake imekuwa kiziwi. Ndani ya redio kuna vikopo vidogo vya bati, na kila kimoja kina kitu kama skrubu juu yake. Hivyo ndivyo hufanya redio ishike stesheni. Mzee aliona hizo skrubu zimelegea, akazikaza zote kwa ncha ya kisu mpaka mwisho. "Nilizikaza kama nati za gari," aliniambia, amefurahi kabisa. Nikamwambia hayo ni masikio, na ameyapinda. Akauliza kama ni yeye tu amewahi kufanya hivyo. Nikamtajia shemeji yangu. Hapo ukimsomea mama, shemeji asiwe karibu.

Mafundi wengine hunyoosha redio kwa kusikiliza na kukisia. Mimi, na darasa langu la saba, nilijenga mashine. Nilichukua spika kuukuu, nikabandika kibati katikati ya karatasi yake, na kingine nikakiweka mbele yake bila kugusana. Spika ikitetemeka kwa umeme, vibati vinakaribiana na kuachana, na mawimbi ninayoyatuma ndani ya redio yanapanda na kushuka bila kupumzika. Halafu kuna sanduku lenye kioo cha kijani, nililitoa kwa wauza vyuma chakavu. Hilo linanichorea vile redio inasikia. Redio nzima huchora kilima kimoja, mabega sawa. Ya mzee ilichora vichuguu. Nikageuza zile skrubu kwa kijiti cha mwanzi, maana chuma kikikaribia kinaidanganya redio, kidogo kidogo mpaka kilima kikasimama. Kisha nikazifunga kwa nta ya mshumaa ili kisu cha mzee kisizipate tena.

Dada, kilifanana na kile kilima tulichokuwa tunachungia ng'ombe. Kazi ilikuwa imeisha, lakini niliacha mashine ikiwaka, nikakaa nikikiangalia.

Kumbe mawimbi yalikuwa yanatoroka. Kila redio ya ploti yetu, vyumba vyote vya kupanga, ilivuma kama nyuki ndani ya debe, tena saa ya matangazo ya vifo. Mlango ukabishwa. Alikuwa Mama Wambui, muuza chapati wa chumba cha pili. Tangu nihamie hapa tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu.

"Fundi, kama ni wewe, zima. Nangoja kusikia shangazi yangu anazikwa lini."

Nikazima, nikamwashia redio ya mzee. Akasikiliza akiwa amesimama mlangoni, na jina la shangazi liliposomwa akaketi kwa kiti changu cha wateja. Akakaa hapo. Baadaye akauliza kwetu ni wapi, na huwa nakula na nani. Nikamwambia nakula na pundamilia. Akacheka, na macho bado yana machozi. Majirani wengine nao wakafuata kelele, wakajaa kwa kibanda, kila mmoja anataka kuona kilima. Jioni hiyo nilikuwa na watu, dada.

Kesho yake nikafanya vile fundi anafaa kufanya. Niliweka mashine ndani ya mkebe mkubwa wa bati wa mafuta ya kupikia, nikaufunika ili mawimbi yasitoroke. Nyuki wakanyamaza. Hata mlango ukanyamaza. Mzee Parsaloi alikuja, tukasalimiana kwa Kimaasai, supai, akachukua redio yake akafuata ng'ombe wake. Basi.

Leo jioni, watu wakiwa wamerudi kutoka kanisani, nikawasha mashine, nikafungua kile kifuniko. Kidogo tu. Hapakuwa na redio ya kunyoosha.

Mama Wambui akaja na chapati ndani ya gazeti. Akaangalia meza tupu, akaangalia kifuniko mkononi mwangu.

"Fundi," akasema, "siku ingine wewe ndiye upige hodi kwangu."

Ameenda sasa hivi. Chapati ni moto bado, na nimekaa naandika kwako badala ya kumfuata. Nikifunga barua hii nitasimama niende. Mlango wake ni hatua chache, lakini usicheke, hii ni ngumu kuliko mashine.

Nawe usikawie kuja. Beba ile redio ndogo ya shemeji. Ukishuka Kitengela usiulize mtu njia. Iwashe, ufuate nyuki, na mahali watakapokuwa wengi kabisa ndipo kwangu. Nitaacha mkebe wazi.

Nisalimie mama, umshike mkono kwa niaba yangu. Salamu kwa shemeji mkaza skrubu, kwa mwalimu anayekusomea maneno magumu, na kwa watoto wako.

Ni mimi ndugu yako, mjomba wao,
Fundi Wafula.